Pointi za Bwana Kihara

Jumatatu, 11 Machi 1957

Leo nimeanza kazi, na ni kazi ambayo naona haya kuitaja. Nasafisha reli za gari la moshi la kuchezea. Mwenye kulichezea si mtoto. Ni meneja wa shamba hili la kahawa, mzungu ambaye wafanyakazi wote wa hapa Ruiru wanamwita Kihara kwa ajili ya upara wake. Mbele yake ni Bwana tu.

Reli zimetandikwa juu ya meza kubwa ndani ya ghala la zamani la magunia. Kuna stesheni za mbao, kilima cha karatasi kilichopakwa rangi ya kijani, na daraja. Gari lenyewe linakwenda kwa stima, yaani umeme. Nyapara alimwambia kwamba binti ya Wakonyo, mama yangu, amemaliza darasa la nane na ana vidole vyembamba, basi nikaitwa.

"Vidole yangu kama ndizi," aliniambia. "Yako iko dogo. Wewe safisha, hapana vunja."

"Ndiyo, Bwana."

Sikusema neno jingine mchana kutwa.

Jumatano, 13 Machi

Nimemwambia Baba. Nilikuwa nimemficha, maana kabla hawajamchukua kizuizini yeye alikuwa mtu wa pointi kwenye stesheni, tena reli za kweli. Alirudi Januari akiwa na nyonga iliyoharibika, na reli hawakumtaka tena.

"Atĩ mtu mzima anacheza na gari la moshi?" aliuliza. "Ana nywele?"

"Hana hata moja."

"Basi kweli ni mtu mzima."

Akacheka. Mama aliacha kumenya viazi akamtazama, kwa sababu tangu arudi hatukuwa tumemsikia akicheka. Kisha akanifundisha kwa makini, akichora chini kwa kijiti.

"Maitu, sikiliza. Pointi ni mahali reli moja inapokuwa mbili. Hiki chuma chembamba kinachosogea huku na huku ni ulimi. Ulimi ukikauka hausogei sawasawa, na gari linaanguka na watu wanakufa. Kila asubuhi kabla ya chai, paka mafuta. Hata kama jana ulipaka, paka."

Huniita Maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, Waithira. Kesho nitaomba mafuta ya cherehani jikoni.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepaka mafuta pointi zote. Ndimi zilikuwa zinateleza kama samaki. Gari likazunguka vizuri, nikajivuna, na kabla ya saa sita likaanza kufa juu ya kila pointi. Linafika, linashtuka, linazimika.

"Nani weka mafuta?"

Nilionyesha kidole kifuani kwangu. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alicheka, akanipa kioo cha kukuzia vitu, na alipogundua kwamba nasikia Kiingereza alinieleza polepole. Stima inapita ndani ya reli, inapanda kwenye gurudumu na kuingia kwenye injini. Ulimi hauna stima yake. Unaipata kwa kugusa reli iliyo kando yake, chuma kwa chuma. Nikipaka mafuta, mafuta yanakaa katikati, na vumbi jekundu la hapa linanasa juu yake, na vinakuwa ngozi ambayo stima haiwezi kupita. Akanipa spiriti na kitambaa cha pamba. Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza jambo kwa upole namna ile.

Jioni nilimsimulia Baba.

"Reli isiyotaka mafuta," alisema. "Hiyo si reli."

Jumamosi, 16 Machi

Vumbi. Spiriti. Kitambaa.

Jumanne, 19 Machi

Mvua imeanza. Paa la ghala linavuja juu ya stesheni ya pili. Sasa badala ya vumbi ni kutu.

Jumatatu, 25 Machi

Kahawa imechanua usiku, shamba lote ni jeupe, na harufu inaingia hadi ghalani. Nilitaka kusimama nje tu. Lakini pointi ya nne imekufa tena. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, iko chini kabisa ya mahali panapovuja. Leo nimegundua ulimi wake haubanwi vizuri, unagusa reli kwa ncha tu. Nilikipinda kidogo kile kibati cha shaba kilicho chini yake ili kiusukume, na gari likapita bila kushtuka.

Kihara alipiga makofi. Alisema mimi ni mtu wake wa pointi. Nilifurahi hadi masikio yakawaka.

Nilipopeleka vikombe jikoni nilikuwa bado natabasamu. Mpishi wa Bwana ni Absalom, mtu wa magharibi, ambaye sisi tunamwita Baba Nafuna.

"Wee mtoto wa shule, umeokota nini?"

"Bwana amenisifu."

"Ole wako. Mimi nilisifiwa keki mwaka wa kwanza. Akasema hakuna mtu Kenya nzima anapika kama mimi. Tangu siku hiyo sijaona Krismasi ya kwetu. Kila mwaka lazima nibaki, kwa sababu ya keki."

Nilimwona mtu mwenye kijicho.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekubaliwa! Hospitali ya misheni huko Thika imenichukua kusomea uuguzi, mimi na Ngendo tuliyekuwa naye darasani. Tunaanza Jumatatu tarehe tatu Juni. Baba alipoletwa nyumbani na ile nyonga, hakuna aliyejua la kufanya. Mama alimfunga kwa mfuko wa unga uliochanwa, vibaya, na ikapona vibaya. Siku ile ndipo nilipojua ninachotaka kuwa.

Kuna jambo moja limebaki. Sisi Wakikuyu hatuhami mahali bila kibali cha D.O., yaani ofisa wa wilaya, na D.O. hatoi kibali bila barua ya mwajiri kwamba una tabia njema na kwamba anakuachilia. Baba yake Ngendo ni katekista, ataandikiwa na mchungaji. Mimi mwajiri wangu ni Kihara. Ni barua ya mistari miwili mitatu. Nitamwomba kesho.

Jumatano, 3 Aprili

Sikusema.

Ijumaa, 5 Aprili

Sikusema. Mvua kubwa. Pointi ya nne.

Jumatatu, 8 Aprili

Nilifungua mdomo. Akasema, "Nini?" Nikasema spiriti imekaribia kwisha.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimesema. Nilikuwa nimeinama juu ya meza, kwa hiyo sikumwona uso. Nilimwambia yote, hospitali, D.O., barua.

"Mzuri sana," alisema. "Nesi! Lakini kwanza Empire Day." Sikukuu hiyo ya himaya yao, Mei ishirini na nne, atawaalika wazungu wenye mashamba pamoja na D.O. mwenyewe waje kuona reli yake. "Wewe tengeneza yote. Gari moja ikisimama mbele ya wageni, mimi aibu. Baadaye barua. Mimi nasema, mimi nafanya."

Namwamini. Kwa nini aseme kama hataki?

Mama anasema tusimsumbue tena.

Jumapili, 21 Aprili, Pasaka

Ngendo amekuja kwetu laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, akiwa amevaa viatu vipya. Barua yake ameshapeleka kwa D.O.

"Yako iko wapi?"

"Baada ya Empire Day."

"Kwani Empire Day ndiyo inaandika?"

Mama alicheka, mimi sikucheka. Ngendo huwa hivyo, hana haya.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua. Pointi ya nne.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua. Pointi ya nne na ya sita.

Jumatatu, 6 Mei

Nimekuwa nikifikiri nikiwa njiani, matope hadi magotini. Maadamu ulimi unapata stima kwa kugusa tu, kutu na vumbi vitashinda daima, na Kihara atahitaji mtu wa kitambaa daima. Lakini nikilehemu waya mwembamba chini yake, kutoka reli isiyosogea hadi kwenye ulimi, stima itapita ndani ya waya, ulimi uguse usiguse. Waya ukiwa laini utapinda ulimi unaposogea. Hapo hatanihitaji tena. Ataniachilia kwa moyo mweupe.

Nilimwonyesha kwenye karatasi. Alitazama muda mrefu, akanipa chuma cha kulehemu.

Jumatano, 8 Mei

Nimeungua vidole viwili. Tatu tayari.

Jumamosi, 11 Mei

Zote tayari. Mvua ilinyesha alasiri yote, maji yakatiririka hadi stesheni ya pili, na magari mawili yakazunguka pamoja bila kusimama. Kihara alivua kofia yake akaishika kifuani, kama mtu aliye kanisani. Nimerudi nyumbani nikafua gauni langu la shule kwa ajili ya wageni.

Baba Nafuna aliniona nikipita.

"Umemaliza?"

"Zote. Hata nikiondoka hazitasumbua."

Akatikisa kichwa, akaendelea kumnyonyoa kuku.

Ijumaa, 24 Mei, Empire Day

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Walikuja wengi, wanawake wenye kofia na wanaume wenye soksi ndefu, na D.O. ambaye ni kijana kuliko nilivyodhani. Mimi niliwekwa kando ya ukuta, karibu na swichi, niwe tayari. Sikuhitajika. Magari yalizunguka, yakapishana, yakaingia stesheni. Walipiga makofi kila gari lilipotoka chini ya kilima. Mama mmoja akauliza ni nani anayetunza vitu vidogo hivi.

Kihara alikuja akaniwekea mkono begani. Wakawa wote wananitazama. Alizungumza Kiingereza, taratibu, kwa furaha.

"Ni huyu. Huyu ndiye mtu wangu wa pointi. Baba yake alikuwa wa reli kabla ya kula kiapo cha waasi, lakini binti ni hodari ajabu. Waya zote hizi ni akili yake. Misheni walitaka kuninyang'anya wakamfanye nesi. Nimekwisha mwambia karani wako, Bwana D.O., kwamba haiwezekani. Siwezi kumwachilia."

"Una haki," D.O. akasema. "Manesi wapo wengi."

Wakacheka. Hakuwa ananifanyia ubaya, hilo ndilo nisiloweza kulimeza. Alikuwa ananisifu. Mkono wake ulikuwa bado begani kwangu, na alinitazama kana kwamba nami nitafurahi.

Nilikuwa na sentensi ya Kiingereza mdomoni. Ilikuwa sahihi, yenye heshima mwanzo na mwisho. D.O. alikuwa karibu, ningeweza kumgusa mkono wa shati. Haikutoka. Gari likapita juu ya pointi ya nne, halikushtuka hata kidogo. Yule mama akanipa biskuti.

Nikasema asante. Hiyo ilitoka.

Jikoni Baba Nafuna alikuwa na rundo la sahani. Nilimwambia. Nilingoja aseme kwamba alinionya. Alinivutia kigoda, akanimiminia chai yenye maziwa mengi.

"Kunywa," alisema. "Usinililie juu ya sahani, nimeshazisuuza."

Nilipoweza kuzungumza nilimwambia nilidhani ana kijicho.

"Ninacho," alisema. "Lakini si juu yako."

Jumamosi, 25 Mei

Nimewaambia nyumbani. Mama alisema ninyamaze, tuna nyumba hapa, tuna kazi, Baba hana. Baba alikuwa anachonga mpini wa jembe. Alichonga mpaka nikadhani hakusikia.

"Mimi niliomba nifundishwe kazi ya simu ndani ya ofisi," alisema. "Msimamizi akaniambia, Gachanja, na pointi zangu nitamwachia nani? Nikajivuna, Maitu. Nilikuja nikamsimulia mama yako kwa fahari."

"Ulinisimulia mwaka mzima," Mama akasema. "Hadi wageni uliwasimulia."

Hakuna aliyecheka.

Jumatatu, 27 Mei

Kihara alikuwa ananisubiri mlangoni. Wageni walimsifu mno, na jana Jumapili akaona reli zake hazifanani vya kutosha na za kweli. Akachekecha mchanga wa mtoni, akaumwaga katikati ya reli zote, akaumwagia gundi ili ushike. Kwa macho ni pazuri. Lakini gundi imetiririka hadi kwenye ndimi zikaganda, na imefunika reli juu, kwa hiyo magurudumu hayapati stima kabisa. Waya zangu hazina kosa. Ni kwamba sasa hakuna kinachogusa chochote.

"Yote kufa," alisema kama mtoto. "Tengeneza."

Nilimjibu kwa Kiingereza. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata akalazimika kuinama.

"Andika barua, Bwana, nami nitatengeneza zote."

Akacheka. "Unasema nini?"

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa rahisi kidogo. Uso wake ukawa mwekundu hadi juu ya upara. Alisema amenitendea kama mtoto wake, na kwamba hakuna mtu mweusi aliyewahi kumwekea masharti ndani ya shamba hili. Kisha akanyoosha kidole mlangoni.

Nilitoka. Mama hajasema nami tangu jioni.

Jumanne, 28 Mei

Sikuitwa. Hajaandika.

Jumatano, 29 Mei

Baba Nafuna anasema Kihara amejaribu mwenyewe kubandua gundi kwa kisu, akapinda ulimi mmoja. Kisha akamwita yeye ashike koleo.

"Nikamwambia, Bwana, mikono hii ina mafuta ya kuku, nayo reli yako haitaki mafuta."

Hajaandika.

Ijumaa, 31 Mei

Ofisi ya D.O. imefungwa saa sita na nusu, hadi Jumatatu. Nilikaa barabarani mpaka saa hiyo ili kama atatuma mtu anikute karibu. Hajaandika. Mvua nayo imekwisha, mawingu yanapita tu.

Jumamosi, 1 Juni

Mama alisema niende nikaombe msamaha. Baba akasema nisiende.

"Wewe kutoomba msamaha kulikufikisha wapi?" Mama akamuuliza.

Baba akatoka nje akichechemea. Nilimfuata Mama nikamsaidia kuchambua maharagwe. Sikuomba msamaha, hata kwake.

Jumatatu, 3 Juni

Nimembebea Ngendo sanduku lake la bati hadi barabarani. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Nitawaambia wakungoje," alisema.

"Waambie."

Alipanda lori la misheni. Nilivichukia viatu vyake hata nisione uso wake vizuri alipokuwa ananipungia.

Jumatano, 5 Juni

Ngendo ametuma salamu kwa kaka yake. Walingoja siku moja. Jana kitanda changu kimepewa msichana wa Kalimoni.

Alhamisi, 6 Juni

Kihara ameniita. Barua ilikuwa juu ya meza, kando ya ile stesheni ya pili, imeandikwa kwa taipureta na kutiwa sahihi. Alinipa niisome. Inasema mimi ni mwaminifu, mwenye bidii na akili kupita kawaida, na kwamba ananiachilia kwa masikitiko. Haijawahi kuandikwa barua nzuri kuliko hiyo juu ya mtu wa kwetu.

"Unaona?" alisema. "Mimi nasema, mimi nafanya."

"Bwana, nafasi imejazwa juzi."

Alikunja uso kidogo, kama mtu aliyeambiwa mvua imenyesha kwa jirani. "Mwaka kesho iko ingine. Sasa, pointi."

Mlangoni alikuwepo Baba Nafuna na trei ya chai. Alinitikisia kichwa niende zangu. Ningeweza. Lakini nilikuwa nimemwambia aandike nami nitatengeneza, na ameandika. Sikuwa nimetaja siku, kwa sababu nilidhani mtu mwenye kalenda ukutani anaijua. Sitaki aje aseme binti ya Gachanja alisema asifanye.

Nikaomba maji ya moto. Niliilowesha gundi kwa kitambaa, nikaibandua kwa wembe punje kwa punje, nikachokoa mchanga ndani ya kila pointi kwa sindano. Ule ulimi alioupinda niliunyoosha kwa koleo mbili. Waya mmoja ulikuwa umekatika, nikaulehemu upya. Mwishowe nikapitisha spiriti juu ya reli zote, mzunguko mzima. Sikula. Naye hakutoka, alikaa kwenye kiti akinitazama, na mara mbili aliniambia jambo la kuchekesha nikaendelea kusugua.

Alasiri nikawasha. Gari likaondoka stesheni, likapita daraja, likaingia chini ya kilima, likatoka. Nililiacha lizunguke mpaka niwe na hakika. Halikushtuka popote.

"Safi sana!" Alisimama akasugua mikono. "Kesho njoo mapema. Nataka ongeza reli ingine, hapa, mpaka mlangoni."

Nilizima stima. Nikakunja kitambaa nikakiweka mbele yake pamoja na chupa ya spiriti.

"Kesho nitakuwa shambani, Bwana. Naenda kupalilia na Mama."

"Kupalilia?" Alishangaa kweli. "Wewe? Kule jua, matope, jembe. Kwa nini?"

Nilimjibu kwa Kiingereza, na safari hii hakuhitaji kuinama.

"Kwa sababu kule tuko wengi, Bwana. Mtu wa kule mnaweza kumwachilia."